Mgeni wa siku chache na kibali cha kazi: Nani amesamehewa, nani hajasamehewa

MGENI anapowasili Mwingi kwa wiki mbili au tatu ili kutibu, kufundisha, kuchimba kisima au kukarabati mtambo, swali moja huwakabili wenyeji wake: je, anahitaji kibali cha kazi? Jibu lililozoeleka katika vikundi vya kina mama, makanisani, shuleni na hata katika baadhi ya ofisi ni kwamba kazi ya muda mfupi haihitaji kibali. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli. Nusu iliyosalia ndiyo yenye faini na kifungo.

Swali lenyewe si la jijini Nairobi pekee. Mwingi, iliyokuwa makao ya wilaya iliyomegwa kutoka Kitui mwaka wa 1993 na ambayo tangu 2013 imo katika Kaunti ya Kitui, ipo kando ya barabara kuu ya Thika kuelekea Garissa, kilomita zipatazo 170 kutoka Nairobi. Magari ya mashirika ya misaada yaendayo Dadaab hupita hapo. Watafiti wa nyuki na nondo wa hariri wamefanya kazi hapo kwa miaka mingi. Wahandisi wa kigeni wamejenga barabara za eneo hilo, na makaa ya mawe ya Bonde la Mui yaliwavuta wawekezaji kutoka China. Wote hao ni raia wa kigeni, lakini sheria haiwatazami kwa jicho moja.

Makala haya yanaeleza ni nani aliyesamehewa kibali cha kazi nchini Kenya, ni nani asiyesamehewa ijapokuwa kazi yake ni ya siku chache, na ni hati gani inayofaa kwa kila mmoja.

KIBALI NA PASI

Sheria inayotawala suala hili ni Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka wa 2011, pamoja na kanuni zake za 2012. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya sheria tatu za zamani, mojawapo ikiwa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka wa 1967.

Kanuni kuu ni nyepesi kueleweka. Mtu asiye raia wa Kenya haruhusiwi kuingia wala kukaa nchini bila kibali halali au pasi halali. Maneno hayo mawili, kibali na pasi, ndiyo ufunguo wa suala zima.

Kibali hutolewa kwa mtu anayekuja kufanya kazi au biashara kwa muda mrefu, aghalabu kwa miaka. Sheria na kanuni zake zimeweka vibali katika madaraja yanayotambulishwa kwa herufi. Daraja A ni la utafutaji na uchimbaji wa madini. B ni la kilimo na ufugaji. C ni la wanataaluma maalum. D ni la wanaoajiriwa na mwajiri aliyetajwa. F ni la viwanda. G ni la biashara na ushauri. I ni la shughuli za kidini na za hisani. K ni la wakaazi wasiofanya kazi, na M ni la wakimbizi.

Pasi, kwa upande wake, ni ruhusa ya muda. Kuna pasi ya mgeni wa matembezi, pasi ya mwanafunzi, pasi ya mtegemezi, pasi ya utafiti, pasi ya mafunzo kazini na pasi maalum. Kila pasi hueleza kile ambacho mwenye kuishika anaruhusiwa kukifanya, na nje ya hapo hana ruhusa.

Kwa hiyo, mtu anaposema kwamba mgeni fulani hahitaji kibali cha kazi, huenda akawa amesema kweli. Hata hivyo, hajasema kwamba mgeni huyo hahitaji hati yoyote.

WALIOSAMEHEWA KABISA

Wapo watu ambao masharti ya kibali na pasi hayawagusi. Hao wametajwa katika Kifungu cha 34. Wa kwanza ni mabalozi na maafisa wa nchi za nje waliotambuliwa rasmi na Serikali ya Kenya. Wa pili ni watu waliopewa kinga na fahari chini ya Sheria ya Kinga na Fahari, ambayo ndiyo inayohusu Umoja wa Mataifa na mashirika mengine ya kimataifa yaliyotia saini mikataba na Kenya.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba msamaha huo hautokani na ufupi wa kazi bali na hadhi ya mtu. Afisa wa Umoja wa Mataifa aliyetambuliwa rasmi anaweza kukaa Kenya miaka 5 bila kibali cha kazi. Fundi wa kompyuta aliyeletwa na kampuni binafsi kwa siku 5 hawezi kufanya hivyo.

Mfano ulio karibu na watu wa Mwingi ni wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Kituo hicho ndicho kilichowasaidia wafugaji wa nyuki wa Mwingi kuuza asali na hariri ya nondo wa mwituni katika soko rasmi. Hadhi yake ya kimataifa hutokana na mkataba wake na Serikali. Lakini hadhi ya shirika haimfuniki kila aliyeingia katika gari lake. Mfanyakazi aliyetambuliwa chini ya mkataba ana nafasi yake. Mpiga picha, mkandarasi au rafiki aliyeandamana naye hana budi kuwa na hati yake mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa wataalamu na vijana wa kujitolea wanaoletwa kwa ushirikiano wa serikali mbili. Japani, kwa mfano, imekuwa ikiwatuma Kenya vijana wake wa kujitolea tangu mwaka wa 1966, na wataalamu wake walishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, katika kituo chake cha Kitui. Kwa watu wa aina hiyo, mkataba wa serikali ndio unaoamua. Upo mkataba unaosamehe hati yenyewe, na upo unaosamehe ada tu huku hati ikiendelea kuhitajika. Mwenyeji mwangalifu huomba kuona barua ya wizara husika badala ya kukisia.

PASI MAALUM: HATI YA KAZI FUPI

Kwa raia wa kigeni wengine wote wanaokuja kufanya kazi ya muda mfupi, hati inayohitajika ni pasi maalum. Hii ndiyo inayochukua nafasi ya kibali cha kazi pale ambapo kazi ni ya wiki au miezi michache. Pasi hiyo hutolewa na Idara ya Uhamiaji kwa mtu anayetaka kufanya biashara, kazi au taaluma kwa muda, au anayesubiri uamuzi kuhusu ombi lake la kibali. Jumla ya muda wake haipaswi kuzidi miezi 6. Kazi ikizidi hapo, mwombaji atafute kibali cha daraja linalomfaa.

Ombi hutumwa kwa njia ya mtandao wa Serikali, nalo huandikwa na shirika au kampuni inayomwalika mgeni. Kwa kawaida huambatanishwa barua ya maelezo kwa Mkurugenzi Mkuu wa Uhamiaji, nakala ya pasipoti, picha, cheti cha usajili wa shirika na hati ya kuonyesha kwamba shirika limetimiza wajibu wake wa kodi. Barua ya maelezo ndiyo roho ya ombi. Yafaa ieleze kazi yenyewe, mahali itakapofanyiwa, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na sababu ya kumhitaji mtu kutoka nje.

Ada zimekuwa zikibadilika. Mnamo Novemba 2023 Serikali ilitangaza ongezeko kubwa la ada za vibali na hati nyingine, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikalisimamisha. Kwa sababu hiyo, mwombaji asitegemee kiasi alichokisikia kwa jirani aliyeomba mwaka uliopita. Aangalie kile kilichowekwa siku anapoomba.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba pasi maalum hufungamana na kazi iliyotajwa na mwajiri aliyetajwa. Mhandisi aliyepewa pasi ili kufunga pampu ya maji hawezi, kwa hati hiyohiyo, kuanza kufundisha katika chuo cha ufundi jioni.

PASI YA MATEMBEZI SI RUHUSA YA KAZI

Tangu Januari 2024, Kenya iliondoa viza na kuweka idhini ya kusafiri ya kielektroniki, inayojulikana kwa kifupi kama eTA. Badiliko hilo limewafanya baadhi ya watu kudhani kwamba milango ya kazi nayo imefunguliwa. Sivyo. Idhini hiyo humruhusu mtu kusafiri hadi Kenya, na anapofika hupewa pasi ya mgeni wa matembezi. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyo ruhusa ya kufanya kazi.

Mgeni wa matembezi anaweza kuhudhuria mkutano, kukagua mradi uliofadhiliwa na shirika lake, kuonana na washirika wa kibiashara au kutazama tu jinsi watu wanavyoishi. Mfadhili anayekuja kuona bwawa la mchanga lililojengwa kwa fedha zake hafanyi kazi. Mtaalamu anayekaa mwezi mzima akisimamia ujenzi wa bwawa hilo anafanya kazi, na pasi ya matembezi haimtoshi.

WANAOJITOLEA, WAMISHONARI NA MATABIBU

Hapa ndipo wenyeji wengi hujikwaa. Eneo la Kitui na Makueni lina historia ndefu ya kazi ya mwethya, ambapo majirani huungana kuchimba mitaro, kujenga mabwawa au kusomba mawe bila malipo. Mgeni anapoungana nao, wenyeji huiona kazi yake kuwa msaada, wala si ajira. Lakini Idara ya Uhamiaji huihesabu kazi ya kujitolea kuwa kazi. Kutolipwa mshahara si msamaha.

Kijana anayekuja kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi kwa miezi 2, kwa mfano, anahitaji pasi maalum hata kama analala kwa mwalimu mkuu bure na hapokei senti moja. Mmishonari anayekuja kuhudumu kwa miaka anahitaji kibali cha daraja I, na anayeombewa ni shirika la kidini lililosajiliwa.

Kambi za matibabu zina masharti mawili yanayokwenda pamoja. Daktari wa kigeni hawezi kumtibu mgonjwa nchini bila leseni ya muda kutoka kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Wauguzi nao wana baraza lao. Leseni hiyo haichukui nafasi ya hati ya uhamiaji, wala hati ya uhamiaji haichukui nafasi ya leseni. Kambi ya siku 3 ya upasuaji wa macho inahitaji zote mbili, na maandalizi yake yafaa yaanze miezi kadhaa kabla ya ndege kutua.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini sheria iwe kali kwa mtu anayekuja kutenda wema. Sababu moja ni ulinzi wa mgonjwa na mtoto wa shule, kwa maana hati hizo ndizo zinazolazimisha mtu fulani ahakikishe kwamba mgeni ni yule anayedai kuwa. Sababu ya pili ni kulinda nafasi ya Mkenya mwenye ujuzi uleule anayetafuta kazi.

WATAFITI NA WANAFUNZI

Mtafiti wa kigeni anahitaji leseni ya utafiti kutoka kwa Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, chini ya sheria ya mwaka wa 2013, pamoja na pasi ya utafiti. Mwanafunzi wa chuo cha nje anayekuja kupata tajriba kazini, tuseme katika hospitali ya Mwingi au katika shirika la maji, huombewa pasi ya mafunzo kazini. Hizi nazo ni hati za watu wasiohitaji kibali cha kazi, lakini ambao hawakuachwa bila hati.

MAJIRANI WA AFRIKA MASHARIKI

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 20, 2009 na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, ikaanza kutumika Julai 1, 2010. Itifaki hiyo imewapa wafanyakazi wa nchi wanachama haki ya kutafuta kazi na kuajiriwa katika nchi nyingine mwanachama, ingawa kila nchi iliorodhesha aina za kazi ilizozifungulia majirani. Ajira katika utumishi wa umma haimo, isipokuwa sheria za nchi husika ziruhusu.

Kanuni zake zinaweka mpaka wa siku 90. Mfanyakazi mwenye mkataba unaozidi siku 90 ataomba kibali cha kazi katika siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba. Mwenye mkataba usiozidi siku 90 hahitaji kibali. Ataomba na kupewa pasi maalum. Yamkini hapa ndipo ulipochipuka uvumi kwamba mtu yeyote anaweza kufanya kazi miezi 3 bila karatasi. Siku 90 zinamhusu raia wa Jumuiya, na hata yeye ana pasi ya kuomba.

Tangu mwaka wa 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa vitambulisho vya kitaifa. Kitambulisho hicho ni cha kusafiria. Fundi kutoka Uganda anayekuja Mwingi kupaka rangi jengo kwa mwezi mmoja ataingia kwa kitambulisho, lakini kazi ataifanya kwa pasi maalum.

BARABARA NA MIGODI

Miradi mikubwa huleta wageni wengi kwa pamoja. Barabara kutoka Kibwezi kupitia Mutomo na Kitui hadi karibu na Mwingi ilijengwa na kampuni ya Sinohydro ya China. Huko Mui, kampuni ya Fenxi, pia ya China, ilipewa vitalu vya C na D vya makaa ya mawe mwaka wa 2011. Katika miradi ya aina hii, wenyeji huuliza kwa haki: kazi ipi ni ya mgeni na ipi ni ya mtoto wa hapa?

Sheria ina jibu. Kibali cha ajira hutolewa kwa mtu mwenye ujuzi usiopatikana nchini, na mwajiri hutakiwa kumwonyesha Mkenya atakayejifunza kazi hiyo ili airithi. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 nayo inamtaka mwenye leseni awape Wakenya kipaumbele katika ajira. Wahandisi wa kigeni wanahitaji usajili wa muda chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011. Hivyo basi, fundi aliyeletwa kufunga mtambo kwa mwezi mmoja kwa pasi maalum si jambo la ajabu. Pasi hiyo ikitumiwa kumleta dereva wa lori au mpishi, ambao hawakosekani Mwingi, hapo wakazi wana sababu ya kuhoji.

WANA WA MWINGI WALIO NG'AMBO

Wapo pia wazaliwa wa Mwingi waliochukua uraia wa Marekani, Uingereza au nchi nyingine, ambao hurudi kwa wiki chache kufundisha au kutibu. Kabla ya Katiba ya Agosti 27, 2010, Mkenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa kwao. Chini ya Kifungu cha 16 cha Katiba hiyo, raia wa kuzaliwa haupotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Aliyeupoteza zamani anaweza kuomba kuurejesha chini ya Kifungu cha 14. Mtu wa namna hiyo, akiwa raia, hahitaji kibali wala pasi. Lakini asiyeurejesha na anayeingia kwa pasipoti ya kigeni ni mgeni mbele ya sheria, hata kama babake anajulikana soko zima. Leseni ya taaluma inahitajika kwa hali zote mbili.

ADHABU

Anayefanya kazi bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3, au vyote viwili, kisha afurushwe nchini. Sheria hiyohiyo inamkataza mtu yeyote kumwajiri raia wa kigeni ambaye hati yake haimruhusu kufanya kazi hiyo. Kumhifadhi kwa makusudi mtu aliye nchini kinyume cha sheria pia ni kosa.

Kwa hiyo mzigo si wa mgeni peke yake. Mgeni hupanda ndege akarudi kwao. Mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mkuu au msimamizi wa zahanati ndiye anayebaki. Mwaka wa 2018 Wizara ya Usalama wa Ndani, chini ya Dkt Fred Matiang'i, iliwapa raia wa kigeni siku 60 kuhakikishiwa vibali vyao, na baadaye misako ikafuata. Zoezi kama hilo likirejea, barua nzuri ya shukrani kutoka kijijini haitakuwa kinga.

KABLA MGENI HAJAFIKA

Mwenyeji anayetaka kuepuka matatizo na ajiulize maswali yafuatayo mapema:

1. Je, mgeni atafanya kazi, au atatembelea na kukutana na watu tu? Akitembelea tu, pasi ya matembezi inatosha.

2. Je, ana hadhi ya kibalozi au ya shirika la kimataifa, au analetwa kwa mkataba wa serikali mbili? Ikiwa ndivyo, ithibitishwe kwa barua.

3. Je, ni raia wa Kenya au wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki? Mkenya hahitaji hati ya uhamiaji. Jirani mwenye mkataba usiozidi siku 90 ataomba pasi maalum.

4. Je, kazi itachukua muda gani? Isiyozidi miezi 6 ni ya pasi maalum. Inayozidi hapo ni ya kibali. Aliye mtafiti au mwanafunzi ana pasi yake.

5. Je, taaluma yake ina baraza? Ikiwa ni daktari, muuguzi au mhandisi, leseni au usajili wa muda utafutwe sambamba na pasi.

6. Je, atakaa zaidi ya siku 90? Ikiwa ndivyo, atajisajili na Idara ya Uhamiaji na kupewa kitambulisho cha raia wa kigeni.

Ombi lipelekwe mgeni akiwa bado kwao. Nakala ya hati ihifadhiwe katika ofisi ya mwenyeji, na tarehe ya mwisho iandikwe pahali panapoonekana, kwa kuwa pasi iliyokwisha muda jana ni sawa na kutokuwa na pasi.